Bibi Darizi Anajibu: Hilo Fuvu la Kwenye Bereti ni la Nani?

SWALI: Shikamoo Bibi Darizi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, juzi alirudi kutoka Karume na bereti ya mtumba, buluu iliyoiva hadi inakaribia weusi. Mbele ina beji ya chuma cheupe: fuvu la mtu, mifupa miwili iliyopishana, na utepe wenye maandishi OR GLORY. Jirani alipoiona akashika kichwa, akasema hiyo ni alama ya Fremasoni na nyumba yangu itaingiwa na mikosi. Wengine wananiambia niichome usiku. Kijana amenuna, anasema kainunua kwa jasho lake. Nimeificha kwenye ndoo chini ya gunia la mkaa nikisubiri jibu lako. Picha nimekutumia. Niichome?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichome. Itoe kwenye mkaa kwanza, chuma kile kikipata unyevu kitaingia madoa na bereti italiwa na vumbi.

Nimeitazama picha yako kwa lenzi yangu ya kuhesabia nyuzi. Hiyo ni beji ya kofia ya jeshi la Uingereza, ya rejimenti ya wapanda farasi wenye mikuki iliyoitwa 17th/21st Lancers. Si ya Fremasoni, si ya waganga, wala haikutengenezwa ili kumloga mtu. Fuvu lile ni la msiba. Kuna mtu alikufa, na mwenzake akataka asisahaulike. Nitakueleza habari yote, maana ukishamjua marehemu hutamwogopa tena.

Ilikuwa mwaka 1759. Waingereza na Wafaransa walikuwa wanagombania Kanada, na mji wa Quebec ulikuwa mikononi mwa Wafaransa, umekaa juu ya genge refu kando ya mto. Jenerali wa Kiingereza, James Wolfe, alikuwa na umri wa miaka 32 tu, na afya yake ilikuwa mbovu. Usiku aliwapandisha askari wake kwenye lile genge kwa njia nyembamba, na asubuhi ya Septemba 13 Wafaransa waliamka wakakuta jeshi limejipanga uwandani nje ya mji. Mapigano yenyewe hayakuchukua muda mrefu. Wolfe alipigwa risasi zaidi ya moja, akafia palepale uwanjani baada ya kuambiwa kwamba adui anakimbia. Kamanda wa Wafaransa, Montcalm, naye alijeruhiwa siku hiyohiyo, akafa kesho yake.

Miongoni mwa maofisa wa Wolfe alikuwepo kanali mmoja, John Hale. Huyu ndiye aliyepeleka London taarifa za ushindi, na ndani ya taarifa hizo kulikuwa na kifo cha jenerali wake. Mfalme George wa Pili akampa ruhusa ya kuunda rejimenti mpya ya wapanda farasi wepesi. Katika kuwachagulia askari wake alama, Hale hakuchagua simba wala taji. Alichagua fuvu na mifupa, kwa kumbukumbu ya Wolfe. Wakati ule Ulaya fuvu lilikuwa linachongwa kwenye mawe ya makaburi ya kawaida kabisa, ya wachungaji na ya wafanyabiashara, kumkumbusha mpita njia kwamba naye ni wa kufa. Yeyote aliyeliona kifuani au kwenye kofia ya askari alielewa mara moja kwamba hawa wako kwenye matanga.

Sasa hayo maandishi. Wengi hushangaa kuona sentensi inaanzia katikati, "au utukufu". Ni kwa sababu neno la kwanza halikuandikwa, limechorwa. Unalisoma fuvu kwanza, kifo, halafu unaendelea na utepe: au utukufu. Beji nzima ni sentensi moja. Mimi nimedarizi beji nyingi katika maisha yangu, za shule na za makampuni ya ulinzi, na nakwambia kwa dhati, mchoraji anayeweza kuifanya picha iwe neno ni fundi wa kuheshimiwa.

Rejimenti hiyo, ndiyo 17th Lancers, ilipewa mikuki mwaka 1822, na kiapo chao kilidaiwa kwa ukamilifu Oktoba 25, 1854, huko Balaclava katika vita vya Crimea. Amri iliyoandikwa vibaya na kuelezwa vibaya zaidi ilikwenda kwa kikosi cha farasi wepesi, watu wapatao 670, wakaambiwa washambulie mizinga ya Warusi. Mizinga iliyokusudiwa ilikuwa mingine. Wao walielekezwa kwenye bonde lenye mizinga mbele na pande zote mbili, na wakaenda. Wale wa fuvu walikuwa mstari wa mbele. Zaidi ya watu mia moja waliuawa, na farasi zaidi ya mia tatu. Kila ninapoisoma habari hii nawafikiria wale farasi, ambao hawakuapa kitu.

Lakini mwanangu, sisi ni Waafrika, na beji hii ilifika Afrika. Julai 4, 1879, huko Ulundi, Waingereza walijipanga mraba wakawamiminia risasi Wazulu wa Mfalme Cetshwayo, waliokuwa wamewashinda miezi michache nyuma pale Isandlwana. Mistari ya Wazulu ilipovunjika, mraba ulifunguliwa na wale wa 17th Lancers wakatoka mbio na mikuki kuwafuata waliokuwa wanarudi nyuma. Wazulu zaidi ya elfu moja walikufa siku hiyo. Na wale wa 21st, ambao baadaye waliunganishwa nao mwaka 1922, jina lao kubwa walilipata Sudan, Omdurman, Septemba 2, 1898. Waliona mbele yao kundi dogo la wapiganaji wa Khalifa, mtawala wa Sudan wakati ule, wakalivamia. Korongoni walikuwemo wengine zaidi ya elfu mbili waliojificha. Kwa dakika chache tu rejimenti ilipoteza watu 21 na farasi 119, na ndani yake alikuwemo kijana Winston Churchill. Wasudani waliouawa siku ile kwenye uwanja mzima ni kwa maelfu kwa maelfu, kwa mizinga, bunduki na rashasha. Kwa hiyo ukiishika ile beji ujue kwamba utukufu ulioandikwa pale una wajane Uingereza, una wajane Zululand, na una wajane Sudan. Mimi naona haya yote yasomwe pamoja. Anayesoma upande mmoja hajaisoma beji.

Rejimenti yenyewe imeendelea kuunganishwa na nyingine, mwaka 1993 na tena 2015, na leo inaitwa Royal Lancers. Wanatumia magari ya deraya. Fuvu bado wanalo.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Mafuvu ya kijeshi hayafanani historia. Wapanda farasi wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, walivaa fuvu tangu karne ileile ya 18, na baadaye sana watu wa Hitler, wale wa SS, wakalichukua fuvu kama hilo wakalivaa huku wakiua mamilioni ya Wayahudi na watu wengine. Fuvu la SS halina maandishi yoyote. La kijana wako lina utepe wenye OR GLORY, na hilo ndilo linalolitofautisha. Akikutana Karume na fuvu lisilo na utepe kwenye kofia ya kijeshi aliache hapohapo kwenye robota.

Na la mwisho, hili ni la sheria. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wenye mavazi ya namna hiyo wayasalimishe. Mwambie kijana asitoke na bereti hiyo barabarani, asije akajieleza kituoni kwa kitu cha mnadani. Aibandue beji polepole. Nyuma kuna ulimi wa bati au vitanzi viwili, asiukunje, avute taratibu kwenda juu. Aisugue kwa kitambaa kikavu tu, asitumie majivu wala limau. Aiweke kwenye kiboksi na aandike kwenye karatasi majina mawili: Wolfe na Cetshwayo.

SWALI: Bibi, heshima yako. Mimi ni fundi mwenzio, nipo Buguruni. Mteja kaniletea beji ya zamani ya babu yake aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu, anataka niitengenezee fremu. Ni ndege kama tai, chini yake bunduki mbili zimepishana, imeandikwa WATERLOO. Nyuma yake kuna kipande cha kitambaa cheusi kimeshakula mende. Nikitupe niweke chekundu kiwe na mvuto?

JIBU: Usikitupe, fundi! Tafuta cheusi kingine uweke kilekile. Hicho kitambaa ni sehemu ya beji.

Hiyo ni ya Royal Scots Dragoon Guards, wapanda farasi wa Uskoti, rejimenti iliyopatikana mwaka 1971 kwa kuunganisha wawili. Zile bunduki fupi zilizopishana zimetoka kwa mmoja. Tai ametoka kwa mwingine, Scots Greys, waliokuwa wanapanda farasi wa kijivu. Napoleon aliwapa wanajeshi wake tai wa shaba aliyepakwa dhahabu, anakaa juu ya mlingoti wa bendera, na kumpoteza ilikuwa aibu isiyosemeka. Siku ya Waterloo, Juni 18, 1815, sajenti mmoja wa Scots Greys aitwaye Charles Ewart aliingia kwa farasi katikati ya Wafaransa wa rejimenti ya 45, akapigana na aliyembeba tai na waliokuja kumtetea, akamnyang'anya. Tai mwenyewe leo yuko kwenye ngome ya Edinburgh. Mwaka uliofuata Ewart akapandishwa akawa ofisa, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa cheo chake enzi zile.

Sasa kitambaa. Mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, alikuwa kanali wa heshima wa Scots Greys kuanzia 1894. Mwaka 1918 aliuawa na wanamapinduzi pamoja na mke na watoto wake. Rejimenti inaeleza kwamba weusi ulio nyuma ya tai ni wa kumwombolezea yeye. Zaidi ya miaka mia imepita, na ufalme wenyewe haupo tena, lakini kitambaa kinakatwa na kuwekwa kila askari mpya anapopewa beji. Mtu anayepita hawezi kukiona mpaka asogee karibu.

Kata kipande cha pamba nene au sufi nyembamba, usiweke satini maana inang'aa. Kiache kitokeze kidogo sana pembeni mwa tai. Na mweleze mteja wako sababu, kwa sababu babu yake pengine aliijua na hakupata wa kumwambia.

SWALI: Bibi mambo, samahani, shikamoo. Nipo Sinza, mpenzi wa sinema za vita. Kuna Wamarekani wanavaa begani beji kubwa ya njano, ina mstari mweusi umekatiza na kichwa cha farasi juu. Lakini wanashuka kwenye helikopta! Farasi wa nini?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hao ni Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi ya Marekani, iliyoundwa Septemba 13, 1921, huko Fort Bliss, Texas. Beji yao ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitaficha sababu: ilibuniwa nyumbani, na mwanamke alikuwemo.

Jeshi lilitoa masharti. Rangi ziwe mbili tu. Ionekane kirahisi, askari waliotawanyika baada ya mapigano waweze kujikusanya kwa kuitazama. Na ibebe asili ya wapanda farasi. Kanali Ben Dorcy na mkewe Gladys wakakaa wakachora. Kitambaa cha njano cha kuanzia walikipata kwenye bitana ya joho la zamani la sare ya wapanda farasi, maana njano ndiyo rangi ya wapanda farasi wa Marekani tangu katikati ya karne ya 19. Kichwa cha farasi walikichora kwa kumtazama farasi mweusi aliyekuwa anapandwa na askari mmoja pale kambini. Ukubwa wake unazidi beji zote za mabega za jeshi lile, urefu ni kama sentimita 13. Ukiwa fundi unaelewa mara moja kilichofikiriwa. Farasi elfu wakikimbia kwenye mchanga wa Texas vumbi linafunika kila kitu, na beji ndogo yenye nakshi nyingi haimsaidii mtu. Mwanamke yule alichora kitu cha kuonekana katikati ya vumbi.

Farasi waliwaacha mwaka 1943, wakapigana visiwani Pasifiki kwa miguu, na Februari 1945 wakaingia Manila. Mwaka 1965 wakapelekwa Vietnam wakiwa na helikopta. Kazi ya farasi haikubadilika, ni kufika haraka mahali adui hakutegemea na kuondoka haraka. Kilichobadilika ni mnyama. Ndiyo maana beji haikubadilishwa. Vietnam nayo ina makaburi yake, ya Wamarekani na ya Wavietnamu mara nyingi zaidi, na hayo sinema zako haziyaonyeshi sana. Yatafute.

SWALI: Bibi Darizi, mimi ni mwalimu wa historia, Temeke. Wanafunzi wameniuliza kama vikosi vya wapanda farasi viliwahi kupigana Tanganyika, na kama vipo vilivyoacha alama yoyote hapa Dar es Salaam. Nimewaahidi nitauliza kwako.

JIBU: Mwalimu, umeniuliza swali nililokuwa nalisubiri.

Walikuja. Mwezi Agosti 1914 walowezi wa Kenya waliunda kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles, na Novemba mwaka huohuo wakawa miongoni mwa walioshambulia Longido, upande wa Arusha. Wakashindwa kuichukua. Mwaka 1916 akaja Jenerali Jan Smuts na Waafrika Kusini, na wapanda farasi wa jenerali wake van Deventer wakateremka nyika yote mpaka Kondoa Irangi, wakaikamata mwezi Aprili. Masika ikawakuta hukohuko. Barabara zikageuka tope, chakula kikakatika, na farasi wakaanza kuanguka.

Aliyewashinda si Mjerumani. Ni mbung'o, na ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi wadogo kabisa wa usiku. Mbung'o anamuuma farasi, anamwachia vijidudu kwenye damu, mnyama anakonda huku anakula, miguu inavimba, macho yanatoa maji, halafu siku moja hasimami. Hapakuwa na dawa ya kutegemewa. Farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, na njia za jeshi zikajulikana kwa mizoga. Wale mabwana wa Ulaya waliodhani vita hii watapigana kama walivyopigana kwao, wakiwa juu ya farasi, nchi yetu iliwashusha chini.

Na hapo ndipo pa kuwafundishia watoto. Farasi alipokufa mzigo haukufa. Risasi, unga, dawa, mizinga iliyofunguliwa vipande, vyote vilihitaji kubebwa, na vikawekwa kwenye vichwa vya watu. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kikawekwa kambi kwenye eneo la soko, ndilo hili tunaloliita Kariakoo hadi leo, kwa jina la kikosi chenyewe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi si kwa risasi, ni kwa kuhara, kichomi, homa na njaa. Mimi nimejifunza kudarizi Kariakoo, Mtaa wa Congo, na nimekaa pale miaka mingi nikishona nyota na simba na ngao za watu, kabla sijajua kwamba ardhi niliyoweka cherehani ililaliwa na watu ambao hakuna aliyewashonea kitu.

Wapanda farasi wana mafuvu yao, tai wao, farasi wao wa njano. King's African Rifles, ambao walikuwa askari wa miguu, walikuwa na beji ya pembe ya kupigia mbiu. Mpagazi hakupata nembo ambayo mjukuu wake angeweza kuiweka kwenye fremu. Jina la soko ndilo alama aliyoacha.

Ukiwa na wanafunzi wapeleke Posta, Mtaa wa Samora, kwenye sanamu la Askari. Pale mwanzo ilisimama sanamu ya Mjerumani, von Wissmann, Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamweka huyu askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini. Waambie wamtazame kuanzia chini. Hana farasi. Amevaa kofia na patisi za kufunga miguuni, amesimama kwa miguu yake mwenyewe kama alivyopigana. Mpagazi hayupo juu pale. Nairobi wamemweka mpagazi kwenye sanamu lao, pamoja na askari wengine wawili. Hapa kwetu kuna mmoja peke yake. Halafu watoke pale waende Kariakoo, na uwaeleze kwamba wamefika kwenye sanamu la pili.

Nina ombi kwako mwalimu. Wape watoto karatasi na penseli za rangi, kila mmoja abuni beji ya mpagazi. Wape masharti yale ya akina Dorcy: rangi mbili, ionekane kwa mbali. Zikiwa tayari niletee, nitachagua moja niidarizi kwa uzi wangu mwenyewe, itundikwe darasani kwenu.

SWALI: Bibi shikamoo. Sisi ni klabu ya jogging, Mburahati, tunakimbia kila Jumamosi alfajiri. Tunataka beji ya fulana: farasi wa dhahabu, mafuvu mawili, mikuki, ngao, moto, jina la klabu, mwaka na namba za simu. Tumeipata picha mtandaoni tukaiunganisha. Itatoka shilingi ngapi kwa fulana 40?

JIBU: Marahaba wanangu. Kabla ya bei, punguzeni. Picha mliyonitumia ina vitu vinane kwenye upana wa kiganja. Mashine itavidarizi, lakini mtu aliye ng'ambo ya barabara ataona doa la njano. Namba za simu zipelekeni mgongoni, zichapwe kwa rangi, msizipeleke kwenye uzi.

Farasi mnaruhusiwa kabisa, ila msichukue ile ngao ya njano yenye farasi mweusi, ile ina wenyewe. Fuvu naomba mliache. Mmesoma hapo juu lilikotoka, na ninyi hamjamzika jenerali. Nielezeni kitu chenu. Wapanda farasi wa Uingereza wanaoitwa King's Royal Hussars wanavaa begani visu viwili vilivyopishana vya Wagurkha, askari wa kutoka Nepal, kwa sababu Aprili 1945 waliowatangulia walipigana bega kwa bega na Wagurkha kuuteka mji wa Medicina, Italia. Hawakutafuta kitu cha kutisha. Walichukua silaha ya rafiki zao wakaivaa kama shukrani. Nanyi kuna siku iliyowafanya muwe klabu. Katika barua yenu mmetaja kwamba mlianza kukimbia pamoja baada ya mafuriko, mlipokuwa mnabeba vyombo vya majirani kuvitoa bondeni. Mbona hilo halimo kwenye mchoro? Ndoo kichwani na miguu inayokimbia ni beji ambayo hakuna klabu nyingine itakuwa nayo.

Rangi mbili, tatu zikizidi. Upana sentimita nane kifuani upande wa moyo. Kwa fulana nyepesi za kukimbilia msidarizi moja kwa moja, kitambaa kitajikunja. Tudarizi kipande pembeni, tukiwekee gundi ya pasi nyuma, halafu tushone ukingo. Na uzi uwe wa poliesta, wa pamba unapauka kwa jasho na jua.

Chukueni karatasi nyeupe, mchore upya kwa kalamu nene, bila kunakili mtandaoni. Nileteeni na fulana moja ya kujaribia, ndipo nitapiga hesabu ya uzi na tutaelewana bei.